Skuli inayokuja hadi jikoni: muhula wa pili wa binti yangu, Gredi ya 4

Wazazi wawili wa mtaani kwetu wameniuliza kama nimeridhika na skuli niliyompeleka binti yangu, nikaona bora niandike mara moja, anayetafuta skuli ya msingi hapa Malindi asome mwenyewe. Jina la skuli silitaji. Nina malalamiko yangu, na mengine tumekaa na mwalimu mkuu tukayamaliza, sitaki kuyafufua kwa jina. Ni skuli ya kibinafsi, ndogo, darasa la binti yangu lina watoto 36. Ninayoyaandika ni ya muhula wa pili wa 2025, na muhula huo nimeuona kwa macho yangu tangu siku ya kufungua hadi siku ya ripoti.

Mimi nakaa Maweni, napika mahamri na mbaazi za nazi nauza asubuhi. Baba watoto ni mvuvi. Muhula wa pili ndio unaotubana zaidi, kwa sababu kusi huwa imeshika, bahari imechafuka, na kuna siku vyombo havitoki kabisa. Karo ni sh 11,000, chakula cha mchana sh 50 kwa siku. Nilikwenda ofisini nikasema wazi kwamba siwezi kulipa kwa mkupuo. Wakanigawia mara tatu, wakaandika tarehe, tukatia sahihi. Awamu ya pili nilichelewa siku sita na mtoto hakurudishwa nyumbani hata siku moja, wala hakusimamishwa mbele ya wenzake. Mwenye kulea kwa biashara ya asubuhi anajua uzito wa jambo hilo.

Nianze na hisabati, maana hapo ndipo nilipoanza kuwaamini.

Mwalimu aliwapa kazi ya wiki nzima. Kila mtoto achague kitu kimoja kinachouzwa na mtu wa kwao, aandike kinaingia nini, kinatoka nini na kinabaki nini. Kuna aliyeandika samaki, kuna aliyeandika bodaboda ya mjomba wake, kuna aliyeandika kibanda cha kuchaji simu. Wangu akanichagua mimi. Alfajiri akakaa juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, daftari magotini, nami nakanda unga. Kila nilichokitia kwenye sinia akauliza bei. Unga wa ngano pakiti ya kilo 2, sh 170. Nazi mbili, 90. Sukari, 60. Iliki, 20. Hamira, 10. Mafuta yaliyopungua kwenye karai tukayakisia 80. Jumla 430. Mahamri yakatoka 52, na kwa shilingi kumi kumi ni 520. Akapiga mstari kwa rula: faida 90. Nikamwambia haya, funga daftari uvae viatu. Hakufunga. Alikuwa akitazama jiko.

"Mama, na makaa je?"

Miaka 9 napika mahamri, na makaa sijayatia kwenye hesabu. Hununua kopo moja kila asubuhi, sh 60, naona kama maji ya kunawa, ni kitu cha kuwepo tu. Akaandika 60, akatoa, ikabaki 30. Akanitazama, nami nikamtazama, kisha akaenda skuli.

Jioni akarudi na daftari limesahihishwa. Mwalimu hakuweka alama ya vyema peke yake. Chini ya hesabu aliandika swali kwa kalamu nyekundu: "Makaa haya yangeweza kupika pakiti ngapi?" Jumamosi tukajaribu. Pakiti mbili kwa moto mmoja, makaa nikaongeza ya sh 20. Mauzo 1,040, vitu 860, makaa 80, ikabaki 100. Mahamri ya pakiti ya pili sasa yanachukuliwa na hoteli moja karibu na stendi. Tangu siku hiyo nina daftari langu jikoni, limening'inizwa kwa uzi karibu na kichungi cha nazi, na binti yangu ndiye anayelikagua kila Ijumaa.

Hilo peke yake, kwangu mimi, limelipa karo.

Mtaala wa CBC, yaani mtaala wa umilisi, unamtaka mzazi ashiriki, na kila mwenye mtoto Gredi ya 4 anajua skuli nyingi zimeugeuza ushiriki huo kuwa orodha ya dukani: leta manila, leta rangi, leta gundi, leta picha zilizochapishwa saibani. Skuli hii huanzia kwenye kile ambacho mtoto tayari anacho nyumbani. Kwenye Kilimo walitakiwa kutengeneza sanamu ya kufukuza ndege na tumbili shambani. Sanamu yetu ilivishwa kanzu kuukuu ya baba watoto na kofia ya ukindu, na mpaka leo imesimama kwenye kijishamba cha skuli katikati ya mchicha.

Lakini hapohapo ndipo penye lalamiko langu la kwanza, na ni kubwa. Ujumbe unakuja usiku. Saa tatu kasorobo, nimeshaloweka mbaazi, mtoto amelala, simu inalia kwenye kundi la wazazi: kesho kila mtoto aje na makuti matano na kamba ya usumba. Niyapate wapi makuti saa tatu ya usiku? Nilijifunga leso nikagonga mlango wa jirani. Mvua za masika zilikuwa hazijaisha, njia ni tope hadi kwenye vifundo, nami naburura makuti. Ilitokea mara nne kabla sijakwenda kusema. Mwalimu wa darasa alinisikiliza na hakunijibu vibaya, na tangu hapo ujumbe huja alasiri. Mara mbili tena wamesahau. Mzazi anayefanya kazi ya zamu ya usiku, au asiyekuwa na jirani mwenye mnazi, hili litamchosha sana.

Sasa hando.

Skuli iliingiza gonda, ngoma ya Wagiriama, kwenye tamasha ya muziki, na kila msichana alitakiwa awe na hando lake. Kwa wasiojua, ni vazi la kiunoni la wanawake wa Kigiriama, kitambaa cheupe cha marinda mengi, tabaka juu ya tabaka, mvaaji akipiga hatua linajaa na kucheza lenyewe. Fundi wa mjini alitaka sh 2,500. Sikuwa nazo. Lakini nyumba ya tatu kutoka kwangu anakaa bibi mmoja wa Kigiriama, sote twamwita Hawe, yaani bibi. Nyanyangu mzaa mama alikuwa wa huko huko, lakini mimi nimezaliwa mjini nikakulia kwenye buibui, hando sijapata kulivaa. Nikamwendea Hawe na kitambaa cha nailoni nilichonunua kwa bei rahisi. Akakipapasa mara moja akanirudishia. "Hiki hakishiki mkunjo, mwanangu." Akataka pamba nyeupe, yadi 9.

Alishona kwa siku nne, na binti yangu kila akitoka chuoni, yaani madrasa, alikwenda kukaa naye. Nami nilikwenda siku ya pili nikaona. Hawe hapimi kwa futi. Anakunja rinda kwa upana wa kidole cha shahada, analikwaruza kwa ukucha wa gumba mpaka linabaki na mstari, analishona kwa sindano ya mkono kiunoni, kisha lingine, kisha lingine. Usiku akalilaza chini ya kinu cha kutwangia ili marinda yalale. Binti yangu aliyahesabu kwa sababu mwalimu wa hisabati aliwaambia wahesabu: 214. Siku ya kulijaribisha mtoto akaanza kujitikisa kwa nguvu uani, Hawe akamsimamisha kwa mkono. "Usitikise wewe. Wewe tembea, wacha hando litikisike."

Maneno hayo niliyapeleka kwa mwalimu wa ngoma kwa kumweleza tu. Kesho yake akaja mwenyewe kwa Hawe, akavua viatu mlangoni, akamwomba aje skuli. Hawe alikwenda mara tatu. Wakamtengea kiti chini ya mwarobaini, wakampa chai, na watoto wakamwita Mwalimu Hawe. Niliona watoto wa kila kabila la mji huu, Mswahili, Mgiriama, Mbajuni, Mkamba, wamejipanga mstari, njuga miguuni, wanamsubiri bibi wa miaka themanini na ushei awarekebishe mabega. Skuli inayomtambua bibi wa mtaani kuwa ni mwalimu, mimi naiheshimu.

Mazoezi kwanza yaligongana na chuo. Yalikuwa alasiri, na maalim akaanza kulalamika kwamba watoto wanarudi nyuma kwenye juzuu. Wazazi saba tukaenda pamoja, yakahamishwa asubuhi kabla ya gwaride. Hilo liliisha vizuri.

Tamasha yenyewe ilikuwa ngazi ya zoni, kwenye ukumbi wa skuli nyingine. Walishika nafasi ya pili. Mwamuzi alisifu miguu na mavazi, akasema ngoma na kayamba zilimeza sauti za waimbaji wa nyuma. Kweli zilimeza, nilikuwepo mpaka adhuhuri nikasikia. Nikarudi kwenye biashara yangu nikijua watoto wataletwa saa kumi.

Saa kumi ikapita. Saa kumi na mbili, magharibi, saa moja. Basi halikufika, na simu za walimu zote mbili hazipatikani. Wazazi tukajaa langoni gizani, mwenye kulia analia, mwenye kugomba anagomba na bawabu ambaye hajui lolote. Watoto walifika saa mbili na nusu usiku. Kumbe basi lilichelewa kwenda kuwachukua, na walimu waliishiwa na chaji tangu mchana. Binti yangu tangu saa saba alikuwa amekula mkate na soda tu. Alishuka amelikumbatia hando kifuani, hakulikalia, akaniambia, "Nimelichunga, mama." Nilimbeba mpaka nyumbani, na ni mtoto wa miaka kumi. Usiku huo nilikata shauri kumtoa.

Kilichonibakisha ni mkutano wa Jumatatu. Mwalimu mkuu alisimama akasema kosa ni letu. Hakumtaja dereva, hakutaja barabara. Akasema safari nyingine yoyote watakwenda na walimu wawili wenye simu zilizojaa na betri ya akiba, chakula kitabebwa kutoka skuli, na mzazi atajulishwa kila gari likisimama. Nimeshaona watu wengi wakiahidi mbele ya watu. Nikasema nitangoja safari ya Gede, kwenye magofu ya mji wa kale, nione.

Safari ya Gede ilikuwa katikati ya Juni, baada ya Idi. Nauli, kiingilio na chakula sh 600. Ujumbe wa kwanza ulifika saa mbili na dakika tano: tumeondoka. Wa pili: tumefika. Wa tatu ulikuja na picha wanakula wali na maharagwe. Wa nne: tuko njiani. Saa kumi kasoro dakika kumi mtoto alikuwa mlangoni kwangu. Basi.

Nimezaliwa Malindi, na Gede ni mwendo wa matatu, kama kilomita 15, lakini sijapata kuingia ndani ya magofu. Binti yangu ndiye aliyenitembeza usiku ule kwa maneno, juu ya mkeka. Akaniambia ukuta wa msikiti ni wa mawe ya matumbawe, kama nyumba nyingi za kale za pwani. Akaniambia visima ni virefu, ukiinama unasikia sauti yako inarudi. Wamechimbua vyombo vya udongo vilivyotoka Uchina. Akaniambia kwamba mwaka 2024 UNESCO waliingiza mji huo kwenye orodha ya urithi wa dunia, na alivyolisema ni kana kwamba amepewa yeye. Kisha akafika kwenye kaburi lenye tarehe. Limeandikwa mwaka 802 wa Hijria, ambao kwa miladi ni 1399. Mwalimu wa dini aliwasimamisha pale, akawaambia mwaka tulio nao ni 1446, wakatoa wenyewe, ikaja 644. Binti yangu akamwuliza baba yake: miaka 644 ni babu wangapi? Baba yake akaanza kuhesabu kwa vidole, babu, babu wa babu, akafika wa saba kwa jina, akanyamaza. Tukakaa kimya sote kwa muda.

Walipitia pia mradi wa Kipepeo, ambao tangu 1993 unawawezesha majirani wa msitu wa Arabuko-Sokoke kufuga vipepeo na kuwauza nje ya nchi kwa maonyesho wakiwa bado pupa, yaani kabla hawajatoka na mbawa. Mtoto aliyejifunza kutoa gharama ya makaa hakuuliza rangi ya vipepeo. Aliuliza mfugaji hubakiwa na shilingi ngapi.

Lililonikera kwenye safari hiyo ni karatasi ya maswali. Ilikuwa ya Kiingereza chote. Mwongozaji aliwaeleza kwa Kiswahili kizuri, wakaelewa, kisha wakatakiwa wajaze kwa lugha nyingine. Mwanangu alinakili neno la kisima kutoka kwa mwenziwe bila kujua kwamba ndicho kile kisima alichokuwa amekiinamia dakika mbili zilizopita. Najua Kiingereza lazima wakijue. Lakini wangeweza kuuliza kwa lugha zote mbili. Na Kiingereza chenyewe ndio upande wao dhaifu, kitabu kimoja husomwa na watoto wawili, na kazi za nyumbani hurudi hazijasahihishwa wiki nzima.

Mengine nayapitia. Vyoo ni visafi, nimekwenda ghafla mara mbili nikaviona. Maji ya kunywa yapo kwenye tangi. Kwenye michezo, timu ya kandanda ilitolewa mapema. Chakula cha mchana kinatosha ila ni maharagwe siku nne kwa wiki.

Nimalizie na siku ya wazazi. Gredi ya 4 waliigiza habari za Mekatilili wa Menza, mwanamke shujaa wa Kigiriama, kwenye Masomo ya Jamii walikuwa wakimsoma. Mwaka 1913 Waingereza walitaka kodi na vijana wa Kigiriama wakafanye kazi kwenye mashamba yao, na Mekatilili akawakusanya watu kwa ngoma ya kifudu akawaambia wasikubali. Akakamatwa akapelekwa mbali, magharibi ya Kenya, na husimuliwa kwamba alitoroka akarudi kwao kwa miguu. Watoto walitandaza ramani ya Kenya sakafuni mbele yetu, msichana mmoja akatambaa na uzi kutoka magharibi mpaka pwani, taratibu, hakuna anayesema neno, mkono wake ukavuka nchi nzima hadi ukafika Malindi. Uzi huo ulikuwa ni ule uliobaki kwenye mahando.

Kisha kisa cha kuku. Husimuliwa kwamba Mekatilili alikwenda barazani na kuku mwenye vifaranga, akamwambia afisa wa Kizungu ajaribu kuchukua kifaranga kimoja. Binti yangu ndiye aliyekuwa Mekatilili, kavaa hando lake, na kuku alikuwa wangu mwenyewe, kaangua wiki mbili kabla. Mvulana aliyekuwa afisa, kofia ya manila kichwani, akanyoosha mkono. Kuku hakujua kwamba ni mchezo. Alimdona barabara, mvulana akaruka, kofia ikaanguka. Watu wakacheka. Binti yangu hakucheka. Alingoja mpaka ukumbi ukatulia, akasema maneno yake kwa sauti ambayo mimi nyumbani sijaisikia: "Umeona alivyofanya kuku kwa kifaranga kimoja. Na sisi wataka kutuchukulia wana wetu."

Hawe alikuwa mstari wa mbele. Alijifuta macho kwa ncha ya leso.

Ripoti ilikuja na viwango vinne vya kila skuli: kuzidi matarajio, kufikia, kukaribia, na chini. Hisabati amezidi. Kiswahili, Masomo ya Jamii na Sanaa amefikia. Kiingereza anakaribia. Karatasi yenyewe haielezi kitu, na mzazi asiyeuliza ataondoka nayo vilevile. Niliuliza. Mwalimu wa darasa akakaa nami dakika kumi, akafungua daftari akanionyesha mahali ambapo mtoto huruka maneno akisoma, akanipa hadithi tatu fupi za kusoma likizo.

Kwa hivyo ukiniuliza, nasema mpeleke, iwapo nyumbani pana mtu wa kukaa na mtoto jioni. Kazi ya skuli hii haiishii langoni. Inakuja hadi jikoni, uani, na kwa jirani. Usipokuwepo, au wakikutumia ujumbe saa tatu ya usiku nawe huna pa kwenda, utaona mzigo. Na waulize kuhusu usafiri kabla ya kulipa, waambie wakuonyeshe utaratibu wao.

Mimi nimeshatoa awamu ya kwanza ya muhula wa tatu, kutokana na mahamri ya pakiti ya pili. Iliyobaki tumeandikiana tarehe, bahari ikitulia. Hando liko kwenye sanduku langu la nguo, limekunjwa kwa mkunjo wa Hawe. Kanikataza nisilipige pasi.